Pikapu na Sakiti za Besi ya Kuagiza kwa Fundi: Mapitio ya DiMarzio, Seymour Duncan, EMG na Priampu ya Aguilar

Mtu anapoagiza gitaa la besi kwa fundi, mazungumzo mengi huishia kwenye mbao: kama mwili uwe wa mninga au mvule, kama ubao wa vidole uwe wa mpingo, kama shingo iwe nene au nyembamba. Hayo yana nafasi yake, hasa katika uzito wa chombo na starehe ya mkono, lakini sauti inayosikika kwenye spika huzaliwa pale uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, yaani pikapu, na yote yanayofuata ni kazi ya sakiti. Mapitio haya yanahusu uchaguzi wa vifaa hivyo kwa besi ya nyuzi nne, yenye urefu wa uzi wa inchi 34, ambayo fundi mmoja wa Dar es Salaam aliniundia kwa ajili ya muziki wa dansi na ibada za kanisani.

Nilizilinganisha pikapu za aina tatu: Model P na Model J za DiMarzio, Quarter Pound ya Seymour Duncan, na seti ya PJ ya EMG inayohitaji betri. Baada ya hapo nikaipima priampu (kikuza ishara kidogo kinachofungwa ndani ya besi) ya Aguilar OBP-3 ili kujua kama inastahili nafasi ndani ya mbao. Hukumu yangu naitanguliza: kwa kumbi zetu na umeme wetu, pikapu mbili za kawaida zisizotumia betri, zote zenye uwezo wa kujifutia mvumo wa umeme, ndizo msingi wa besi inayotegemewa, na priampu iongezwe tu ikiwa kuna swichi ya kuiruka.

Mpangilio niliouchagua ni ule unaojulikana kwa herufi mbili, P na J. Herufi ya kwanza inatokana na Precision Bass ya Leo Fender, iliyotoka mwaka 1951 ikiwa na koili (msokoto wa waya) moja nyembamba, na kufikia mwaka 1957 ikawa na pikapu iliyogawanywa vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi za E na A, kingine chini ya D na G. Ya pili inatokana na Jazz Bass ya mwaka 1960, yenye pikapu mbili ndefu nyembamba, moja kuelekea shingoni na nyingine karibu na daraja. Kuweka P katikati na J karibu na daraja humpa mpigaji sauti nene inayoshikilia bendi nzima, pamoja na nyingine kavu zaidi, yenye ncha, ambayo huifanya kila noti isikike hata gitaa la solo na kinanda vinapojaza nafasi yote ya juu. Kwa muziki wa dansi, ambamo besi haishikilii mdundo tu bali huimba wimbo wake wenyewe chini ya magitaa mawili au matatu, sijaona mpangilio unaoufaa zaidi.

Hata hivyo, mpangilio huu una kasoro ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Pikapu ya P iliyogawanywa hujifutia mvumo yenyewe, kwa sababu koili zake mbili huunganishwa kwa mwelekeo unaopingana na sumaku zake pia zimegeuzwa, hivyo ishara ya nyuzi hubaki ilhali mvumo unaoingia kutoka nje hujikata. Pikapu ya J ya asili ina koili moja tu. Katika Jazz Bass halisi hilo lina dawa, maana pikapu zake mbili zimetengenezwa kinyume, na zikifunguliwa kwa kiasi sawa mvumo hupotea. Katika besi ya P na J hakuna J ya pili ya kumsaidia mwenzake. Mara tu unapoifungua ile ya daraja, mvumo unaingia, nao hauondoki hadi uifunge.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu, na ninaomba msomaji anivumilie nilifafanue. Umeme wa Afrika Mashariki hubadilika mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake msingi ni Hz 50. Uzi wa E wa besi ukipigwa wazi hutoa Hz 41.2, na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi huo hutoa Hz 49. Mvumo wa umeme wetu unakaa karibu kabisa na G hiyo, juu yake kidogo. Kama hiyo haitoshi, mara mbili yake ni Hz 100, na uzi wa G ukipigwa wazi hutoa Hz 98. Matokeo yake ni kwamba wimbo unaochezwa katika G, ambao ni ufunguo wa kawaida sana kwa wapiga gitaa, husuguana na mvumo huo katika sehemu mbili kwa wakati mmoja, na kwenye noti ndefu unaweza kusikia mawimbi mawili yakipandana na kuachana. Mapitio mengi ya pikapu huandikwa Marekani, ambako umeme hubadilika mara 60 kwa sekunde na mvumo huangukia kati ya B bemoli na B, kwa hiyo mwandishi wa kule hakutani na msuguano huu mahali hapo. Ukiongeza taa za tyubu, taa za LED zenye vibadilishi hafifu, jenereta iliyowekwa nyuma ya ukumbi na nyaya za umeme zilizopita sambamba na nyaya za vipaza sauti, utaelewa kwa nini sikukubali koili moja peke yake karibu na daraja, hata ingawa najua wapo wapigaji wazuri wanaoipenda kwa uwazi wake.

Hapo ndipo Model J ya DiMarzio inapopata alama zake. Kwa nje ina umbo lilelile la pikapu ya Jazz Bass na huingia katika shimo lilelile, lakini hujifutia mvumo yenyewe bila kumtegemea mwenzake. Nikiwa nimeifungua peke yake, huku amplifaya ikiwa imepandishwa na mikono yangu haigusi nyuzi, kilichobaki ni kelele ya kawaida ya amplifaya. Sauti yake ina misuli katika masafa ya kati na haina ule mng'ao mwembamba wa juu kabisa ambao J ya koili moja huutoa. Anayetafuta mlio wa kioo ataona amepungukiwa kidogo. Kwa mtindo wa kucheza kwa vidole, na hasa kwa noti fupi zinazozimwa kwa kiganja, upungufu huo haunisumbui hata kidogo. Model P inayoandamana nayo ina nguvu zaidi kuliko P za mtindo wa zamani, na vichwa vyake vya sumaku vinaweza kupandishwa au kushushwa kimoja kimoja, jambo linalosaidia pale uzi mmoja unapopiga kelele kuliko wenzake.

Quarter Pound ya Seymour Duncan imepata jina lake kutokana na sumaku zenye kipenyo cha robo inchi, yaani takriban milimita 6, ambazo ni nene kuliko za kawaida. Unene huo, pamoja na waya mwingi, huipa nguvu kubwa ya kutoa ishara, besi nzito na ncha kali, huku masafa ya kati yakirudi nyuma. Peke yake, katika besi yenye pikapu moja tu, ni chombo cha kupendeza, na kwa mwanamuziki wa roki au rege ningeipendekeza bila kusita. Ndani ya mpangilio wa P na J inaleta ugumu wa mizani. Mtikisiko wa nyuzi hupungua kila unapokaribia daraja, kwa hiyo pikapu ya daraja daima huanza ikiwa dhaifu, na ukiiweka P yenye nguvu kubwa hivyo pembeni yake, J inamezwa. Unaweza kuishusha P na kuipandisha J, lakini mwisho wa kurekebisha kimo upo: sumaku ikikaribia mno uzi huuvuta, na noti za juu za uzi wa E huanza kuyumba kana kwamba hazijapatanishwa.

Seti ya EMG PJ ni jambo tofauti kabisa. Kampuni hiyo ya California hutengeneza pikapu zenye waya mchache na priampu ndogo ndani ya kila moja, zinazotumia betri ya volti 9. Kimya chake ni cha hali ya juu kuliko zote nilizozilinganisha. Sauti ni safi, iliyonyooka, yenye usawa kati ya uzi na uzi, na ukienda studio utashangaa jinsi fundi mitambo anavyohitaji kurekebisha mambo machache. Kuna faida nyingine ambayo kwa mazingira yetu naiona kubwa kuliko sauti yenyewe. Katika besi ya kawaida, waya wa ardhi hufungwa kwenye daraja, na kwa hiyo nyuzi zote huunganishwa na ardhi ya amplifaya. Pale ambapo ardhi ya jengo ni mbovu, mpigaji anayeimba anaweza kushika nyuzi huku midomo yake ikigusa kipaza sauti chenye ardhi nyingine, na umeme ukapita katikati ya mwili wake. EMG huelekeza kwamba waya huo wa daraja usifungwe, kwa sababu pikapu zao zimekingwa vya kutosha bila huo. Hatari haiishi yote, kwa maana jeki (tundu la kuchomekea waya) na vitufe vya chuma bado vimeunganishwa na ardhi, na amplifaya mbovu inabaki kuwa mbovu, lakini njia kubwa zaidi ya umeme kuelekea mikononi inakuwa imezibwa.

Kwa nini basi sikuichagua? Sababu ya kwanza ni kwamba betri ikiisha hakuna sauti hata kidogo, na swichi haiwezi kusaidia, kwa kuwa priampu imo ndani ya pikapu yenyewe. Ya pili ni tabia. Besi ya dansi ina utepetevu fulani mwishoni mwa noti, inalegea kidogo unapopunguza nguvu za kidole, na EMG hulinyoosha hilo likawa sawa mno. Kwa mpigaji wa muziki wa injili wa kisasa, anayehitaji kila noti itoke kwa kimo kilekile juu ya ngoma na vinanda viwili, sifa hiyohiyo ingekuwa sababu ya kuichagua.

Kabla ya mbao kutobolewa, fundi lazima aambiwe mahali pa kila pikapu, kwa kuwa hilo halibadiliki tena. Katika besi za Fender, pikapu ya daraja ya Jazz Bass ilisogezwa nyuma kwa takriban milimita 10 katika miaka ya 1970, na tofauti hiyo ndogo inasikika: mahali pa zamani sauti ni nene, mahali pa baadaye ni kavu na yenye ncha. Mimi niliomba mahali pa zamani. Wapo wanaodai kwamba pikapu isiwekwe kwenye robo ya urefu wa uzi kutoka darajani, ambako freti ya 24 ingekuwapo, kwa kuwa sauti saidizi ya nne, yaani mlio wenye mitikisiko mara nne ya noti yenyewe, hunyamaza pale. Hiyo ni kweli kwa uzi uliopigwa wazi tu. Ukikanyaga freti yoyote, robo hiyo huhama, na hoja inapoteza nguvu. Jambo lenye manufaa zaidi ni kugeuza P kinyume, ili kipande cha E na A kiwe upande wa daraja. Nyuzi nene hupata ukakamavu na nyembamba hupata unono, na kwa besi ya nyuzi tano yenye B ya chini ya Hz 30.9 mpangilio huo unastahili kufikiriwa kwa dhati.

Ushauri wangu kwa anayeagiza ni kubaki na maumbo ya P na J ya kawaida badala ya pikapu za mstatili zenye vipimo vya kampuni moja. Shimo la P na J hupokea pikapu za watengenezaji wengi, na miaka kumi baadaye mbao haitahitaji kuchongwa upya. Ila fundi apime kwanza, kwa kuwa pikapu za J za shingoni na za darajani kwa kawaida hutofautiana urefu kwa milimita chache.

Pikapu za kampuni mbili tofauti zikiunganishwa, huenda ishara zao zikapingana. Dalili yake ni ya wazi: kila moja peke yake ni nzuri, lakini zikifunguliwa zote mbili masafa ya chini hutoweka na kubaki sauti nyembamba ya puani. Kwa pikapu nyingi za kawaida tiba ni kubadilishana nyaya mbili za pikapu moja. Seti ya kampuni moja humwepusha mteja na kazi hiyo, nayo ni sababu mojawapo iliyonifanya nichukue DiMarzio zote mbili.

Kwa upande wa sakiti yenyewe nilitaka vitufe viwili vya sauti na kimoja cha toni. Poti (vipunguza umeme vilivyo chini ya vitufe) za kilo-omu 250 ndizo zinazofaa pikapu hizi. Za 500 huongeza ukali wa juu, na za 25 ni za pikapu za betri kama EMG. Poti hizi hupatikana kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, Kariakoo kwa Dar es Salaam au Luthuli Avenue kwa Nairobi, lakini mnunuzi asome maandishi ya mgongoni. Kwenye poti nyingi zitokazo Asia herufi A mbele ya namba ina maana kwamba sauti hupanda kwa namna inayolingana na sikio, na B kwamba hupanda kwa mstari ulionyooka. Poti ya B kwenye toni ya besi hufanya badiliko lote litokee katika pembe ndogo ya mwisho, na mpigaji hudhani kitufe hakifanyi kazi. Kapasita ya toni, kile kipuri kinachopunguza masafa ya juu, ni ya nanofaradi 47. Yenye 100, iliyotumika katika besi za kale, huzamisha sauti zaidi. Kinachoamua ni thamani hiyo, wala sijasikia faida yoyote katika kapasita za bei kubwa zenye thamani ileile.

Pikapu isiyo na betri huathiriwa pia na waya wa kuiunganisha na amplifaya, ambao kwa kawaida hubeba takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Mita tatu hazina neno. Mita kumi jukwaani hula ncha ya juu, na hapo ndipo priampu ndani ya besi inapoanza kuwa na maana ya kweli, kwa sababu huisukuma ishara ikiwa na nguvu ya kutojali urefu wa waya. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza, na wengi huisahau kwa kufurahia vitufe vingi. Besi zenye priampu si jambo jipya. StingRay ya Music Man ilitoka mwaka 1976 ikiwa na betri ya volti 9, na sehemu kubwa ya umaarufu wa sauti yake imo humo.

Aguilar OBP-3, inayotoka New York, ina marekebisho ya sehemu tatu. Besi yake imekitwa kwenye Hz 40, masafa ya kati huchaguliwa kwa swichi kati ya Hz 400 na Hz 800, na ya juu yako Hz 6,500. Ubora wa utengenezaji hauna shaka, na kelele yake ni ndogo mno. Kitufe cha besi nakitazama kwa tahadhari: Hz 40 ni chini kuliko uwezo wa spika nyingi za kumbi zetu, kwa hiyo ukikifungua sana amplifaya inachoka na spika inacheza bila msikilizaji kupata chochote. Masafa ya kati ndiyo hazina ya kifaa hiki. Ukiongeza kidogo Hz 400, besi ya dansi inapata mwili. Ukihamia Hz 800, kila noti inajitenga na ngoma. Bei yake, hata hivyo, hulingana na ya pikapu zenyewe au kuizidi, na kwa mwenye fedha za kitu kimoja tu jibu langu ni pikapu kwanza. Priampu hupandisha kilichopo, hata mvumo.

Inaweza kuendeshwa kwa betri moja ya volti 9 au mbili zilizoungwa kufikia volti 18, ambazo huipa nafasi zaidi kabla ya sauti kukwaruza unapopiga kwa nguvu. Kwa upigaji wa vidole betri moja inatosha, na shimo la mbao linakuwa dogo. Nilimwomba fundi atenge kisanduku cha betri kinachofunguliwa bila bisibisi, aweke jeki ya nguzo tatu ili betri ianze kutumika pale tu waya unapochomekwa, na afunge swichi ya kuipeleka ishara moja kwa moja kutoka vitufe vya sauti na toni hadi kwenye jeki. Betri ikifa katikati ya wimbo, kidole kimoja kinaokoa onyesho. Betri ziwe za alkalini. Zile za kaboni za bei nafuu huvuja zikikaa, na uvujaji huo hula shaba za sakiti.

Mashimo yote yalifunikwa karatasi ya shaba iliyolehemiwa maungio yake na kuunganishwa na ardhi, ikiwemo sehemu ya nyuma ya kifuniko. Kazi hiyo haiuzwi na kampuni yoyote, haina gharama kubwa, na bila hiyo hata pikapu inayojifutia mvumo huingiza mikwaruzo ya taa.

Kwa jumla ya kazi niliyoihitaji, seti ya DiMarzio na OBP-3 yenye swichi ya kuiruka imenipa besi tulivu kwenye G, yenye sauti mbili zinazotofautiana kweli. Anayecheza kwa kupiga na kuchomoa nyuzi kwa dole gumba ataona J hii ni nzito kidogo kwake, na ningemwelekeza kwenye pikapu mbili za J zenye sauti angavu, zote zinazojifutia mvumo, na J ya daraja kwenye mahali pa miaka ya 1970. Mwimbaji anayeshika besi huku midomo ikiwa kwenye kipaza sauti, katika kumbi ambazo ardhi yake haiaminiki, achukue EMG na abebe betri ya akiba.